Nilimwosha kwa Kuwa Alikuwa na Matope

Wusi,
11 Machi 1956

Mdogo wangu mpendwa Edith,

Neema ya Bwana iwe nanyi hapo Kaloleni, wewe na Donald na mtoto wetu Wakio. Sisi huku tunapumua. Ukungu umetulalia tangu Jumatatu, nguo hazikauki, na maharagwe yameanza kuoza kabla hayajajua kama yameota. Ng'ombe amezaa ndama dume, mbishi kama marehemu baba, hanyonyi mpaka abembelezwe. Mguu wa mama umepungua kuvimba. Anakusalimu sana na anauliza kama ile sufuria kubwa uliyoazima Krismasi imepanda treni ikaenda zake.

Asante kwa kuja kwenye mazishi. Ulilala siku moja tu, lakini najua Donald hawezi kuachwa na jiko, ataunguza maji.

Edith, tangu tumzike binti yangu Mkamburi nyumba hii haijapungukiwa wageni. Hata nilipoolewa hawakuja hivi. Wanabisha hodi na mkungu wa ndizi, wanasema "pole mama", halafu macho yao yanatambaa ukutani kama mijusi. Mmoja aliomba aone kitanda alicholalia. Mwingine alifunua sufuria yangu, jikoni kwangu, kuona kama tunakula. Tunakula. Hilo nalo limekuwa habari: "Wanakula wale, na kaburi la mtoto hata udongo haujashuka!"

Wewe unajua jinsi ilivyokuwa. Alikwenda bondeni kukata majani ya ng'ombe, hakurudi, tukampata asubuhi. Daktari akasema shingo ilikabwa na mikono ya mtu. Zaidi ya hapo siandiki.

Mzee wa kanisa Zephaniah, yule wa koti lenye vifungo viwili, cha tatu anakitafuta mpaka leo, alikuja akakaa kwenye kiti cha mume wangu Obadiah bila kukaribishwa. Akakohoa.

"Dada Tryphena, tumekuwa tukisemezana na ndugu. Hukulia."

"Nililia, mzee."

"Hukulia kwa sauti. Uliimba."

"Si ninyi mliotufundisha? Miaka yote hii mnatuambia kupiga yowe msibani ni mambo ya watu wasio na tumaini."

"Tuliwafundisha, ndiyo," akasema, akikuna goti. "Lakini hatukudhani kuna mtu ataweza."

Baada yake akaja Sajini Musyimi. Siku ya kwanza alifika sisi tumekwisha kumleta mtoto nyumbani, naye anasukuma baiskeli yake, maana milima yetu haimheshimu mtu. Sasa amerudi tena na swali lake lile lile.

"Mama, kwa nini ulimwosha marehemu kabla sijafika?"

"Kwa sababu alikuwa na matope."

"Uliharibu ushahidi."

"Sajini, mimi sikuwa na ushahidi. Nilikuwa na mtoto."

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa hesabu. Nani huku kwetu humwacha mtoto wake na matope usoni akingoja baiskeli? Mama yake Musyimi angemwacha? Nilimwosha, nikamvika gauni lake la Pasaka, na kwa ajili hiyo sasa mimi ni mtu wa kuangaliwa.

Mwambie Wakio Agosti haiko mbali. Kitanda chake kiko pale pale dirishani.

Dada yako katika Bwana,
Tryphena


Kaloleni, Voi,
22 Aprili 1956

Dada mpendwa Tryphena,

Pokea salamu kutoka kwenye tanuri hili. Nyinyi mnalia ukungu, sisi huku hata kuku wanatembea wamefungua midomo. Maji ni ya foleni. Donald yuko zamu za usiku relini na akirudi mchana anataka nyumba nzima iwe kimya kama kanisa, hata majirani. Wakio amepanda Standadi ya Nne na sasa anatusahihisha sisi wote tunavyosema. Sufuria ya mama ipo. Nimechelewa kujibu, nisamehe, siku zinakimbia.

Nakuandikia ya sokoni ucheke kidogo. Kwa mafungu ya nyanya pale kuna mabingwa, dada, kesi yenu wameimaliza zamani. Mmoja anasema mlimuuza mtoto kwa mumiani wa Mombasa. Mwenzake anamwambia, "Wangemuuza mbona mwili ulionekana?" Wa tatu anasema, "Na mbona hata bati la nyumba hawajabadilisha?" Basi mumiani akaachwa. Sasa kuna huyu mama mnene wa ndizi, yeye ushahidi wake ni viatu. Ati mama wa mtoto alisimama kaburini amevaa viatu vyeusi vinavyong'aa. "Mtu mwenye uchungu atakumbuka viatu?" Watu wakatikisa vichwa. Viatu vyenyewe ni vyangu, dada, nilikuazima asubuhi ile kwa sababu vyako vilikuwa na tope, lakini sikusema.

Jambo jingine. Baba mkubwa Mwang'ombe alipita hapa akienda hospitali. Alisema wazee wa ukoo wana neno. Siku ile Obadiah alimkaripia mtoto kwa sababu ya mbuzi walioingia kwenye maharagwe, watu walisikia mpaka ng'ambo. Wanasema hasira ya baba isipotolewa moyoni hutoka yenyewe na kumwangukia mtoto. Wao hawasemi alimkaba. Wanasema tu afanye kutasa, kama wazee walivyofanya tangu zamani: achukue pombe ya miwa kinywani, aipulize nje mbele yao, aseme hasira imetoka, basi yaishe. Sisi ni watu wa kanisa, najua. Lakini ni funda moja tu, dada. Mungu ataelewa. Watu watatulia.

Donald anawasalimu.

Mdogo wako,
Edith


Wusi,
6 Mei 1956

Mpendwa Edith,

Bwana asifiwe kwa barua yako, iliyofika na harufu ya samaki, sijui Timotheo wa kabichi aliibeba pamoja na nini. Mama ni mzima. Mahindi yanakua. Ndama amemkanyaga Obadiah kidole cha mguu na sasa mume wangu anatembea kama Askofu, taratibu na kwa heshima.

Umeniambia nicheke, nilicheka. Yule mama wa ndizi mwambie akichoka na ndizi Serikali inatafuta wapelelezi. Nilipofika kwenye viatu nikacheka tena. Kisha nikarudia kusoma pale ulipoandika "lakini sikusema", nikaacha kucheka.

Sasa sikiliza habari ya funda moja. Wewe hukuwapo, kwa hiyo nitakueleza.

Alhamisi kabla ya Pasaka tulikuwa kwenye ushirika wa waliookoka. Unajua desturi yetu: mtu husimama akaeleza dhambi yake mbele ya wenzake, wakaimba, akaketi mwepesi. Obadiah akasimama. Mikono akaitia mfukoni. Akasema, "Ndugu zangu, siku ile nilimkaripia mtoto. Nilisema maneno makali kwa ajili ya maharagwe. Akaondoka analia, akaenda bondeni, na mimi sikumwita. Jua lilizama na hasira yangu. Namwomba Mungu, na yeye mtoto ningemwomba kama ningeweza." Wakamwimbia. Wakamkumbatia. Nilifurahi, Edith, nikasema moyoni, leo atalala.

Kabla sijaepua ugali kilima kizima kilikuwa kimepata habari: Obadiah amekiri!

Wazee wakasema, si tulisema? Ana hasira, na hasira inaua. Watu wa kanisa wakasema, ametoa nusu, nusu nyingine imebaki. Alhamisi iliyofuata Zephaniah akamwegemea: "Ndugu Obadiah, hakuna kilichosalia? Hata kidogo?" Kama mtu anayemkamua ng'ombe aliyekwisha kukauka. Na Jumatatu baiskeli ya Sajini ikafika.

"Mama, mume wako amekiri."

"Amekiri nini?"

"Hasira."

"Sajini, ukikamata kila mzazi mwenye hasira hapa Wusi, hao mahabusu wako watapikiwa na nani?"

Hakucheka. Aliandika.

Kwa hiyo ona hali yetu. Wazee wanataka ateme. Kanisa linataka atapike. Sajini anataka aweke sahihi. Akitema, kanisa litamfukuza, na hao wazee watasema, ametema kwa sababu kulikuwa na kitu cha kutemwa. Tayari wamemwondoa kwenye zamu ya kusoma somo Jumapili. Ati "mpaka mambo yakae sawa". Sasa somo linasomwa na mtoto wa Zephaniah, ambaye akifika kwenye majina ya wafalme hunyamaza na kuendelea chini, na Israeli wamebaki hawana mfalme.

Nimesoma barua yako mara nyingi, mbele na nyuma. Umeandika habari za maji, kuku, nyanya, mumiani. Agosti hukuitaja. Bila shaka ulisahau. Niandikie Wakio atapanda basi la siku gani, Obadiah akamngoje Wundanyi kama kawaida.

Dada yako,
Tryphena


Kaloleni, Voi,
17 Juni 1956

Dada mpendwa,

Salamu nyingi kwenu nyote, na kwa mama. Sisi wazima, ila joto. Donald ana kikohozi.

Nina haraka, treni ya barua inaondoka. Juu ya Agosti nasikitika. Wakio ameshikwa na surua na hatuwezi kujua itamwacha lini. Halafu mwalimu wao amesema kutakuwa na masomo ya likizo kwa walio nyuma katika hesabu. Halafu pia mama yake Donald anamwomba aende kwake Miasenyi akamsaidie kwenye kibanda cha chai, malori yamekuwa mengi siku hizi barabarani. Basi labda Krismasi, Mungu akipenda.

Usikate tamaa, dada. Ukweli utajulikana.

Edith


Wusi,
8 Julai 1956

Edith,

Mama ni mzima, ng'ombe ni wazima, mahindi ni mazima. Sasa tuzungumze.

Mtoto mmoja, Agosti moja, na vizuizi vitatu. Nimekuwa nikivipanga jioni kama kete za bao. Surua inayojua kalenda, ikaja Juni kuzuia Agosti! Hesabu, kwa mtoto uliyeniandikia mwenyewe kwamba anawasahihisha ninyi wote. Na chai ya Miasenyi, ambayo madereva wa malori hawawezi kuinywa bila mkono wa mtoto wa miaka kumi. Ungechagua kimoja, mdogo wangu. Mtu akisema kimoja huaminiwa. Timotheo anayeleta kabichi Voi alimwona Wakio akiruka kamba nje ya nyumba yenu, anasema hiyo surua yake anaitamani hata yeye.

Mwisho wa mwezi walimchukua Obadiah kumleta huko Voi kwa mahojiano. Walimwuliza yale yale, na afisa mmoja wa Kizungu kupitia mkalimani akamwuliza kwa nini hakuonekana mwenye huzuni siku ile. Obadiah akamjibu, "Mwambie bwana huu ndio uso nilio nao." Wakamlaza. Kesho yake wakamwachia bila nauli. Sasa mtu akiachiwa Voi bila nauli, na shemeji yake yuko Kaloleni, anakwenda wapi?

Aliporudi nilimwuliza, "Ulifika kwa Edith?" Akasema, "Nilifika. Donald alikuja mlangoni, akasema Edith amekwenda Miasenyi." Akaongeza, "Maskini, safari nyingi hizi zitamchosha." Alisema hivyo bila mzaha, unamjua. Alilala kwenye baraza ya kanisa akarudi na lori la viazi.

Timotheo naye, ambaye hana adabu lakini ana macho, ananiambia jioni ile ile alikuwa mlangoni kwako akiuza. "Dada yako alichagua kabichi kwa muda mrefu kuliko mimi nilivyochagua mke." Sikumwambia Obadiah. Aendelee kukuonea huruma kwa safari.

Edith, mimi siwaogopi wa sokoni. Siwaogopi wazee, na Zephaniah sina haja ya kumwogopa, nimemfulia lile koti. Wasichana wa huku nikipita njiani mama zao huwavuta mkono, wanawavuta kwa adabu, kana kwamba kuna tope. Hayo nayacheka. Nikimaliza kuyacheka naingia ndani, na ndani hakuna mtu wa kucheka naye ila wewe, nawe uko mbali na huandiki kitu. Tangu Februari hujaandika kwamba unaamini nilimuua mtoto wangu, wala hujaandika kwamba huamini. Nimekuomba moja katika haya mawili, ukaniletea surua.

Andika lolote, mimi ni mtu mzima.

Tryphena


Kaloleni, Voi,
31 Julai 1956

Dada Tryphena,

Salamu. Kikohozi cha Donald kimepona.

Nimeanza barua hii mara nyingi. Usinifanye nichague, dada. Wewe uko huko na mume anayekaa upande wako. Mimi nina mume anayesoma gazeti, na kila likiandikwa neno juu ya mtoto wa Wusi ananisomea kwa sauti halafu ananitazama. Mama yake amesema mjukuu wake hatakanyaga nyumba ile. Wafanyakazi wenzake wanamwuliza, "Shemeji yako bado hajafungwa?" Wanacheka, naye anacheka, halafu anarudi nyumbani hali chakula.

Lakini nimesema naye na ametoa njia. Wakio aje, ila aje na Margaret, dada yake Donald. Margaret atalala naye chumba cha mama, na kumfuata akienda maji au popote. Wiki moja. Nadhani hilo ni jema kwa wote. Watu wataona mtoto amekuja, na Donald atakuwa na amani.

Juu ya kabichi sina la kusema.

Edith


Wusi,
3 Agosti 1956

Edith,

Hii anakuletea Timotheo mkononi.

Margaret ni mgeni mwema, namheshimu. Kwa nini uishie kwake? Mlete na Sajini Musyimi alale mlangoni. Baiskeli tutaiegemeza kwenye zizi. Zephaniah atakaa kwenye kona aonje chakula kabla mtoto hajala. Na yule mama wa ndizi asiachwe nyuma, atatuangalia miguuni.

Mtoto wa mdogo wangu halindwi nyumbani kwangu. Aje peke yake, na basi, kama anavyokuja kila Agosti tangu aanze shule. Au asije, na hapo nitakuwa nimejibiwa. Sitakuuliza tena, na sufuria pia kaa nayo.

Tryphena


Kaloleni, Voi,
8 Agosti 1956

Dada yangu,

Wakio anapanda basi Jumamosi asubuhi. Peke yake. Shemeji amngoje Wundanyi.

Donald yuko zamu Mtito mpaka Jumapili. Akirudi ataniuliza mtoto yuko wapi, nitamwambia yuko kwa dada yangu, na chakula kiko mezani. Akitaka kula atakula.

Jana sokoni mama wa ndizi alianza tena habari ya viatu. Nikaweka kikapu chini. Nikamwambia, "Viatu ni vyangu, mama. Hivi hapa, nimevivaa, tazama vizuri. Nilimvika mimi." Nikamwambia na mengine ambayo mtu wa kanisa haandiki. Timotheo alikuwapo, atakueleza, na atatia chumvi.

Hukuniuliza tena, lakini najibu. Siamini. Sikuamini hata siku moja. Niliogopa tu, dada, na kuogopa si kuamini, ingawa mtu aliyesimama nje ya mlango hawezi kuona tofauti.

Mdogo wako,
Edith


Wusi,
19 Agosti 1956

Edith, mdogo wangu mpenzi,

Bwana ni mwema. Mtoto alifika na kofia yake na masahihisho yake, amekwisha kumwambia Obadiah kwamba anasema Kiswahili kama mtu anayepanda mlima. Anakula vizuri. Anamsomea mama Zaburi, na mama anajifanya hajui iliyo mbele ili mtoto afurahi. Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, halafu nikakaa. Nimeiweka mahali, sisemi wapi. Pole kwa Donald. Alikula?

Ungeona ugeni wetu! Basi lilipotua tu, kilima kikaishiwa chumvi. Kila nyumba. Asubuhi hodi, mchana hodi, jioni hodi, "Mama, niazime chumvi kidogo," na jicho liko nyuma yangu linamtafuta Wakio, kuona kama ana vidole vyote. Siku ya tatu akaniuliza mezani, "Mama mkubwa, kwa nini watu wa huku wote hawana chumvi?" Obadiah akacheka. Edith, Obadiah alicheka mpaka akatoka nje.

Hata Zephaniah alikuja, na kikombe. Akamshika mtoto kichwa. "Unaendeleaje hapa, mwanangu? Huna neno la kumwambia mzee?"

"Ninalo," Wakio akamwambia. "Chumvi imebaki kidogo, babu, chota nusu."

Jumapili tuliingia kanisani sisi wote, mtoto katikati, tukakaa mbele. Hawakujua watazame wapi. Nilitamani ungekuwapo. Hicho ndicho nilichokitaka tangu Machi: wamwone, mzima, ameshika mkono wangu. Wamemwona. Na mmoja wa wale wazee alinisalimu kwa jina baada ya ibada.

Sasa nikwambie jambo ambalo sikulijua mpaka mtoto alipofika.

Jumatano Wakio alichukua kibuyu akasema anakwenda mtoni. Nilipiga kelele, Edith. Nilimpigia kelele za kuitisha ng'ambo nzima, akadondosha kibuyu. Watasema na mimi nina hasira, na waseme. Nilisimama pale, na bondeni nikawaona wasichana wa jirani, wadogo kuliko yeye, wanakata majani kila mmoja peke yake, jua linashuka. Mama zao wako majumbani wanapika kwa amani. Kwa nini wasiwe na amani? Wao wanajua aliyemuua Mkamburi. Ni mimi na Obadiah, na mimi na Obadiah tunaonekana kutoka mlangoni kwao, hatujaenda bondeni, basi watoto wako salama.

Hapa Wusi ni watu wawili tu wanaojua kwamba si sisi. Kwa hiyo ni wawili tu wanaojua kwamba yupo bado. Anapita njia hii hii. Yamkini alikuja na kikombe. Nilimpa kila mtu chumvi, na kila mmoja nilimtazama mikono.

Nilimwambia mama mmoja, "Usimwache mtoto aende peke yake." Akamvuta binti yake akaondoka haraka. Alidhani namtisha.

Basi njoo umchukue. Si kwamba umekosea kumleta, umeniponya kwa kumleta, lakini siwezi kumlinda na watu wakati mimi ndiye wanayejilinda naye. Njoo wewe mwenyewe, na Donald kama ana miguu. Uje mchana, upite katikati ya soko la Wundanyi, useme kwa sauti unakwenda kwa nani. Ule kwangu, ulale kwangu, kisha uondoke naye.

Mpaka ufike, tunamlaza katikati yetu, mimi ukutani na Obadiah mlangoni, na taa hatuizimi. Wanaopita njiani wakiona mwanga dirishani huambiana, "Si unaona? Dhamiri haiwaachi walale."

Dada yako akupendaye,
Tryphena